Hodi kwenye Ngome ya Bwana Anselm

Siku yangu ya kwanza kazini nilimvisha mzee wa watu viatu vya mwenzake, naye akatembea navyo hadi chumba cha chakula bila kulalamika. Nilikuwa nimetoka Tanga miezi mitatu nyuma, mjane mwenye binti mmoja wa shule, nikiishi kwenye magorofa ya Gulfton, Houston, mahali ambapo jirani wa kulia alisema Kiarabu na wa kushoto Kihispania, na sote tulisalimiana kwa kutikisa vichwa. Kituo cha wazee kilikuwa mwendo wa mabasi mawili. Msimamizi wa zamu alikuwa mama wa Kikenya mwenye sauti ya mwalimu mkuu, na ndiye aliyeviona vile viatu.

"Rehema, hii kazi si ya kukimbia," aliniambia. "Ukiingia kwa room, kwanza unasimama. Unaangalia mtu, si kitanda. Halafu una-check jina kwa bangili ya mkono wake. Umeskia?"

"Nimesikia, dada."

"Basi rudisha viatu za wenyewe."

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoanza kazi ya kulea wazee, kwa sababu naona mnafundishwa siku nne kwa kompyuta na ya tano mnaachiwa roho ya mtu. Sisi tulifundishwa kwa kufokewa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila saa mbili, kwa shuka dogo linalotandikwa chini ya kiuno chake, watu wawili wakilivuta pamoja. Ukimvuta kwa mikono ngozi huchunika, na kidonda cha mzee hakina haraka ya kupona. Anayeyumba hufungwa mkanda mpana kiunoni wa kumshikia, nawe unatembea nyuma yake kidogo, upande wake ulio dhaifu. Kila ulichofanya unakiandika kwenye chati pamoja na saa yake. Yule msimamizi alikuwa akisema chati ndiyo shahidi wako, ukimdanganya leo atakugeuka kesho.

Nilikaa kituoni hapo miaka sita. Kisha shoga yangu mmoja akanivutia Dallas, kwenye wakala wa kupeleka walezi majumbani, nikamwacha Salma, binti yangu, Houston kwa sababu alikuwa ameanza chuo cha uuguzi. Mratibu wa wakala alikuwa Mtanzania mwenzangu, kijana wa Moshi aliyekula chakula chake cha mchana akiwa na simu mbili masikioni.

"Mama Salma, kuna client Cedar Hill," alisema. "Ni live-in, siku sita unalala kwake, moja uko off. Mzee ana maradhi ya kusahau. Walezi watatu washa-quit kwake. Anadai yeye ni bawabu wa ngome."

"Ngome gani?"

"Sasa mimi nitaijulia wapi? Nenda kamuulize mwenyewe."

Nchi ya Dallas ni tambarare kama sinia, lakini Cedar Hill ina mwinuko wa kweli, na nyumba ile ilikuwa juu kabisa, miti imeteremka chini ya madirisha yake. Mzee alikuwa akiishi na binti yake, Karin, mwanamke mpole aliyetoka alfajiri kwenda ofisini Fort Worth na kurudi jioni amechoka. Karin ndiye aliyenieleza kwamba baba yake hakuwa akizua. Bwana Anselm alikuwa bawabu na mwongoza wageni wa ngome moja ya kale kilimani huko Ujerumani kwa miaka zaidi ya thelathini, akilala katika kichumba cha kando ya lango. Mkewe alipofariki, na mzee akaanza kusahau jiko likiwaka, Karin akamleta Texas. Mzee alikubali kupanda ndege, lakini moyo wake haukupanda.

Walezi walionitangulia walikuwa wakimfungulia mlango na kuingia. Mimi sikulelewa hivyo. Nilisimama nje ya chumba chake nikabisha, "Hodi."

Sauti nzito ikauliza kwa Kiingereza chake cha kukokota: "Umesema nini?"

"Nimebisha hodi. Kwetu mgeni haingii mpaka aitikiwe. Unabisha mara tatu. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka, bila kinyongo."

"Na mwenye nyumba huitikiaje?"

"Husema karibu."

Alilitafuna lile neno taratibu. "Sheria nzuri," alisema. "Langoni kwetu pia, hakufunguliwa mtu kabla ya sauti kutoka ndani. Hawa wengine huingia tu. Karibu."

Nikaingia, nikamkuta mzee mrefu ameketi kitandani, kofia ya buluu kichwani, viatu amevaa mwenyewe, vyake. Nilimpenda saa ile ile, na sioni aibu kusema.

Kila siku alilala baada ya chakula cha mchana. Ikifika saa tisa nilibisha hodi, akaitikia karibu, nikamfunga mkanda kiunoni, akashika kile kifremu cha kutembelea tunachokiita woka, na ziara ikaanza. Gereji ilikuwa lango la nje, lenye daraja la kuinuliwa kwa minyororo. Ukumbi wa sebuleni ulikuwa ukumbi mkuu. Korido ndiyo njia nyembamba iliyojengwa makusudi ipinde, ili adui anayeingia amgeuzie mlinzi ubavu usio na ngao. Madirisha ya chumba cha kufulia yalikuwa yale matundu ya kupigia mishale, membamba kwa nje na mapana kwa ndani. Bafuni ndiko kulikokuwa na kisima.

Kisima kile alikipenda kuliko vyote. Alisema bwana wa kwanza wa ngome aligombana na askofu wake, akakimbilia juu ya jabali mahali ambapo hata mbuzi walisitasita, akajenga mnara kwanza na ukuta baadaye. Kisha akagundua hana maji. Wachimba madini waliletwa, wakaanza baba kuchimba jabali, wakaja kumalizia wana wao. Mgeni alipewa kikombe amwage maji kisimani na kuhesabu mpaka asikie yamefika chini. Bwana Anselm alifungua bomba la bafuni, akamwaga kikombe, akainua kidole, tukahesabu wote wawili, yeye kwa Kijerumani nami kwa Kiswahili, mpaka kumi na moja. Hapo ndipo alipokubali kunywa maji na kuoga. Walezi wenzangu walikuwa wamepigana naye vita ya kuoga miezi mizima.

Alinieleza pia habari ya kuzingirwa. Jeshi lilikaa chini ya kilima tangu mavuno hadi theluji, likingoja walio ndani wafe kwa kiu, kwa kuwa kisima kilikuwa kimekauka. Wanawake wa ngome wakachukua maji ya mwisho, yaliyobaki kwenye mapipa, wakafua shuka zote za nyumba na kuzianika ukutani zikichuruzika mbele ya macho ya adui. Jeshi likaona watu hawa wana maji ya kuchezea, likafunga mizigo. Kila nilipotoa shuka kwenye mashine Bwana Anselm alizitazama kwa heshima, akaniambia nizianike mahali zitakapoonekana. Baada ya mabwana kuisha ngome iliungua, ikawa zizi, wanakijiji wakabeba mawe wakajengea nyumba zao, mpaka vizazi vya baadaye vilipoikumbuka na kuitia paa, na wageni wakaanza kuja. Hapo ndipo alipoingia yeye na kofia yake.

Mambo hayo yote yaliingia kwenye chati. Nilikuwa nikiandika: saa tisa na nusu, mteja amekunywa vikombe viwili baada ya kutembelea kisima. Mratibu akanipigia simu.

"Mama Salma, kisima gani tena jamani? Wakaguzi wa State wakija ku-audit, mimi nitawaonyesha kisima wapi?"

"Waonyeshe bafu," nilimwambia.

Ilinipasa kucheka peke yangu, maana hapakuwa na wa kucheka naye. Nisiwafiche, kazi ya kulala ndani ni upweke mtupu. Siku sita sikusema Kiswahili na mtu ila hodi na karibu na kuhesabu kisimani. Salma alinipigia Jumapili, nikimuuliza kwa Kiswahili akinijibu kwa Kiingereza, na kila mara alikuwa anakimbilia mahali. Bwana Anselm naye alikuwa amezungukwa na watu wasioijua hata njia ya kupandia kilima chake. Tulikuwa wapweke wawili wenye ngome moja, na iliendelea hivyo miaka minne.

Katika kulea mtu wa maradhi ya kusahau, kanuni ni kwamba humsahihishi. Akikuuliza yuko wapi mama yake aliyekufa zamani, humwambii amekufa, maana atalia upya kama ndiyo kwanza asikie. Unamuuliza mama alikuwa akipika nini. Kanuni hiyo nilikuwa nikiwafundisha wageni wa kazi, na ni mimi mwenyewe niliyeivunja.

Ilikuwa siku ya Idi. Nilivaa dera jipya chini ya aproni. Nilipiga simu Tanga haikupokelewa, na Salma, aliyekuwa na mtihani, alinitumia ujumbe wa maneno mawili. Nilijionea huruma tangu asubuhi. Bwana Anselm akatokea jikoni na woka yake, kofia kichwani.

"Twende nyumbani," alisema. "Wageni wananingoja langoni."

Alikuwa akisema hivyo mara kwa mara, na jibu langu lilikuwa, tunywe chai kwanza, kilima ni kirefu. Siku ile nikamwambia, "Hapa ni Texas, Bwana Anselm. Ngome iko mbali, ng'ambo ya bahari. Hatutakwenda, wewe wala mimi. Hakuna anayetungoja."

Alinitazama. Akavua kofia akaiweka mezani. "Wewe ulikuwa unajua siku zote," alisema, akageuka kurudi chumbani. Chakula cha mchana alikula kidogo, hakunitazama, akaenda kulala.

Saa tisa nilibisha hodi. Kimya. Nikabisha mara ya pili, nikaongeza na jina lake. Kimya. Mara ya tatu nilibisha kwa sauti ndogo ya mtu anayejua amekosa. Nikajiambia, mzee amenuna, na ana haki ya kununa. Nikarudi jikoni kukunja shuka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na msemo huo ninao tangu utotoni, lakini siku ile haukunijia. Nilikunja shuka vizuri, kona kwa kona, dakika arobaini. Najua ni arobaini kwa sababu niliziandika.

Nilipofungua mlango alikuwa sakafuni baina ya kitanda na dirisha. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja, pamoja na sauti. Macho yalikuwa wazi na yaliniona. Mkono wake mzima ulikuwa umenyooshwa kuelekea mlangoni, na vidole viliparuza zulia. Alikuwa amezisikia hodi zangu zote tatu. Alikuwa amezisikia na nyayo zangu zikiondoka.

Niliita gari la wagonjwa, nikalala chini kando yake nikimshika mkono mpaka walipofika. Aliishi hospitalini siku tisa, bila neno, kisha akafariki.

Mratibu alinikalisha ofisini, mbele yake chati yangu. "Hapa umeandika umebisha, hukujibiwa, ukaondoka," alisema. "Mama Salma, ungeandika tu uli-check ukamkuta amelala. Nani angejua?"

"Yeye alijua."

Akafunga chati. Hakunifukuza, na wakala haukupata shida, kwa maana daktari alisema kiharusi kilikuwa kikubwa na pengine hata dakika tano zisingesaidia. Karin hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu, tukiwa tumesimama kwenye ukumbi mkuu ambao sasa ulikuwa sebule.

"Alikusikia ulipobisha?"

Nilitamani kusema hapana. Uongo ule ulikuwa mwepesi, na ungempa usingizi, labda na mimi. "Alinisikia," nilimwambia. Akaitika kwa kichwa, akaenda kusimama dirishani, na hatukuonana tena.

Nilirudi Houston. Miaka yangu ya mwisho ya kazi nilikuwa kwenye nyumba ya kulea wazee sita huko Missouri City, karibu na kwa Salma, aliyekwisha kuwa muuguzi kamili na mama wa watoto wawili. Meneja wa pale alikuwa mwanamke wa Kikongo, mcheshi, aliyeniita mama mkubwa. Aliniuliza kwa nini nabisha hodi na kufungua mlango kwa pumzi moja. "Mama mkubwa, sasa hodi yako ni ya nini kama unaingia tu?" Nilimwambia ndivyo inavyofanywa. Kwa hiyo vijana, heshima ya mlango msiiache, lakini mkono uwe kwenye kitasa tayari. Mkikosa jibu, ingieni. Mtu akinuna atawatukana, na matusi ya mzee ni dalili kwamba yu hai.

Nilipostaafu walinipa keki na kadi iliyotiwa sahihi na watu ambao nusu yao sikuwajua. Nikahamia chumba cha chini nyumbani kwa Salma. Wanaondoka wote asubuhi, na wajukuu wakirudi wanapita na "Hi, Bibi," wakipanda ngazi. Ni watoto wazuri. Mchana ni mrefu sana katika mitaa ile, magari yote yamekwenda kazini, na ikifika saa tisa masikio yangu husimama yenyewe. Siku moja nikamwambia Salma nataka kwenda Ujerumani.

"Mama, unaenda Germany kufanya nini peke yako? Huna mtu kule."

"Ninaye," nilisema, na kwa mara ya kwanza nikamhadithia yote.

Aliketi na sare zake za kazi, viatu hajavua. "Stroke kubwa vile, Mama," alisema mwishoni, "dakika arobaini hazinge-change kitu. Labda."

"Najua. Lakini alisikia nikiondoka."

Salma hakubishana. Alinikatia tiketi yeye mwenyewe, akaniandikia kwenye karatasi namna ya kubadilisha treni.

Ngome ipo. Unaiona kutoka stesheni, mnara mmoja na ukuta uliokatika, ndogo kuliko nilivyoifahamu. Basi dogo linakufikisha nusu ya kilima, kisha unapanda kwa miguu, nami nilipanda kwa fimbo na kupumzika mara nne. Daraja la kuinuliwa halipo tena, pamejengwa la mawe. Langoni palikuwa na msichana mwongoza wageni, shati jeupe, akiongea Kijerumani kisha Kiingereza, na kundi la watu kama kumi na mbili wenye kamera. Alieleza haraka haraka. Alipofika kwenye njia iliyopinda akasahau kusema kwa nini imepinda, nikamwambia mama aliyesimama kando yangu habari ya ubavu usio na ngao. Ukutani akasimulia shuka, nami nikayatazama yale mawe nikifikiria mashine ya kufulia ya Cedar Hill. Kisimani akampa mtoto mmoja kikombe. Maji yakamwagwa, kundi likanyamaza, nikahesabu kwa midomo, na kumi na moja haikuwa mbali na kweli. Yalilia chini nilipotaja kumi.

"Umewahi kuja kututembelea?" aliniuliza yule msichana, kwa kuwa alinisikia nikimweleza yule mama.

"Nimefanya kazi hapa miaka minne," nilimjibu. Alitabasamu kwa adabu, kama tunavyowatabasamia wazee wetu, na hakunisahihisha.

Kundi lilipoelekea mnarani mimi nilirudi langoni. Kichumba cha bawabu kipo upande wa kushoto, mlango mfupi wa mbao. Nilisimama mbele yake nikapanga pumzi.

"Hodi," nilisema. "Hodi, Bwana Anselm. Hodi."

Hakuna aliyeitikia. Nikafungua, nikaingia. Siku hizi ni stoo, mna mifagio na viti vya kukunja, na dirisha moja dogo linaloangalia njia ya kupandia. Nilishuka polepole mpaka sakafuni, baina ya viti na dirisha, kwa maana magoti yangu nayo sasa ni ya mgonjwa, nikanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Jiwe lilikuwa baridi. Nikalia, nikamwambia nisamehe, kwa Kiswahili, lugha aliyojua maneno yake kumi na mbili tu, hodi, karibu na moja hadi kumi. Kisha nikatazama saa na kukaa hapo chini dakika arobaini, nikisikiliza nyayo za wageni zikija na kwenda nje, ili nijue zilivyo.

Dakika zile zilikuwa ndefu. Zilipokaribia kuisha nyayo za mtu mmoja zilikuja mpaka mlangoni zikasimama. Ni yule msichana, alikuwa amehesabu watu wake akaona mmoja hayupo. Akagonga mara moja, taratibu.

"Karibu," nilisema, kabla hajaondoa mkono.